Mcheza Kwao Hutuzwa

Ngoma ya Mbeni toka pwani hadi migodi ya Katanga, na funzo lake kwa jamaa za leo

Siku ya Dominika alasiri, katika mitaa ya miji yetu, ngoma haikosi. Vijana saba au nane husimama mahali njia mbili zinapokutana, mmoja hufungulia muziki, wengine hujipanga mistari, na mara watu wamekwisha kuwazunguka. Watoto wadogo huiga nyuma. Kina mama wanaotoka sokoni husimama kidogo na vikapu vyao. Baba mmoja hucheka na kupiga makofi. Baba mwingine humshika mwanawe mkono na kumvuta nyumbani, akisema kwamba mchezo wa barabarani ni mchezo wa watu wasio na kazi.

Yupi kati ya baba hawa wawili amenena sawa? Swali hili si dogo, kwa maana linagusa malezi ya watoto wetu, heshima ya mila zetu, na amani ya mitaa tunamokaa. Wala halijibiwi kwa hasira wala kwa kicheko. Lataka kwanza tujue ngoma hizi zimetoka wapi, na zimewatendea watu kazi gani.

Wengi hudhani kwamba kucheza barabarani ni jambo jipya, lililoletwa na redio, televisheni na simu za mkononi. Sivyo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wazee wa wazee wetu walikuwa wakijaza barabara kwa ngoma yenye mavazi ya kushonwa, vyeo, maandamano na mashindano. Ngoma hiyo iliitwa Beni, na huku kwetu Katanga na katika nchi ya Zambia iliitwa Mbeni. Habari zake zafaa kusimuliwa katika kila jamaa.

ILIZALIWA PWANI

Jina lenyewe latoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki, ambalo siku hizi twalisema bendi. Katika miaka ya 1890, watu wa Mombasa na Lamu waliwaona askari na mabaharia wa Kizungu wakipita na tarumbeta na ngoma kubwa, miguu yote ikikanyaga kwa mara moja. Karibu na Mombasa, mahali paitwapo Freretown, palikuwa na kijiji cha misioni ya Kianglikana kilichowapokea watu waliookolewa katika utumwa. Vijana wa hapo walijifunza muziki wa bendi. Haikuchukua siku nyingi, mchezo ukatoka mikononi mwa wageni ukawa wa wenyeji.

Lakini watu wa pwani hawakuiga kama kasuku. Tangu zamani mitaa yao ilikuwa na desturi ya kushindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu. Huko Lamu, upande wa Mkomani ulishindana na upande wa Langoni. Beni iliingia katika desturi hiyo kama mguu katika kiatu ulichokizoea. Huko Mombasa vikatokea vyama kama Kingi, yaani mfalme, na Skochi, kwa kuwafuata askari wa Kiskoti. Kila chama kilikuwa na wakubwa wake, mavazi yake na nyimbo zake. Chama kimoja kikivaa vizuri, kingine kilijitahidi kuvaa vizuri zaidi. Kimoja kikichinja ng'ombe, kingine hakikulala mpaka kimechinja wawili.

Toka huko ngoma ilishuka Tanga na Dar es Salaam, katika nchi iliyotawaliwa wakati ule na Wadachi. Hapo vikatokea vyama viwili ambavyo sifa zao zilienda mbali: Marini na Arinoti. Marini walijiona kuwa watu wa pwani, watu wa adabu na mavazi safi. Arinoti waliwakusanya zaidi wageni waliotoka bara, wapagazi na wafanyakazi wa mikono. Basi mtu aliyekuja mjini bila ndugu, bila shamba na bila jina, aliweza kuingia katika chama na kupewa mahali pa kusimama. Tulishike jambo hili, kwa kuwa ndilo litakaloifikisha ngoma hii mpaka Kongo.

VITA VYAIENEZA

Mwaka wa 1914 vita vya Wazungu viliingia katika Afrika ya Mashariki. Waafrika hawakuulizwa kama wanavitaka, lakini ndio waliobeba mizigo yake. Waingereza, Wadachi na Wabelgiji waliandika askari na wapagazi kwa maelfu na maelfu. Upande wa Kongo peke yake, wapagazi walipita laki mbili. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kwa kuhara na kwa uchovu, na makaburi yao hayajulikani.

Mwezi wa Septemba 1916, majeshi ya Kongo, yaliyoitwa Force Publique, yaliingia Tabora. Huko, na katika kambi zote za vita, watu wa mataifa mengi walikutana: Wanyamwezi, Wayao, Wabemba, Waluba, Wamanyema, watu wa Nyasa na watu wa pwani. Kiswahili kiliwapa lugha ya kusemezana, na Beni iliwapa mchezo wa kucheza pamoja. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, askari na wapagazi walirudi makwao wakiwa na mshahara mdogo, majeraha mengi, na ngoma hiyo vichwani mwao.

Wakati uleule shaba ya Katanga ilikuwa ikiita watu. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 reli ilifika toka kusini, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi wengi wa migodi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na Nyasa. Baadaye walikuja Waluba wa Katanga na wa Kasai, na watu wa Rwanda na Urundi. Baadhi yao walikuwa wamepita vitani. Hivyo Mbeni ilipanda gari la moshi pamoja nao, ikakaa katika kambi za wafanyakazi za Katanga, kisha ikachukua nafasi katika migodi ya Zambia ilipofunguliwa.

KUNDI LENYE VYEO

Tujaribu kuiona kwa macho ya akili. Siku ya mapumziko, watu wa Mbeni walitokea wamevaa suruali zilizopigwa pasi, kofia, mikanda, na alama za vyeo mabegani. Mbele alitembea Kingi. Nyuma yake walifuata Jenerali, Kanali, Luteni, Daktari na wengine, kila mmoja kwa cheo chake. Kina mama nao walikuwa na vyeo vyao na malkia wao. Ngoma ilipigwa, filimbi ikalia, na mistari ikaenda mbele na kurudi nyuma kwa miguu ya kiaskari, lakini mabega na viuno vikikumbuka ngoma za kijijini.

Wazungu wengi waliotazama walicheka, wakidhani kwamba Mwafrika anamwiga bwana wake bila kufahamu. Wengine walikasirika, wakidhani kwamba anamdhihaki. Nadhani wote wawili hawakuona kiini cha jambo. Mtu aliyechimba shaba siku sita, akiitwa kwa namba iliyoandikwa katika kibali chake, akipewa amri na kila mtu, siku ya saba alikuwa Kanali. Alisimama wima mbele ya watu wake. Alipewa saluti. Alisikia jina lake likiimbwa. Basi kwa saa chache alirudishiwa heshima ambayo juma zima lilikuwa limemnyang'anya.

Tena vyeo hivyo havikuwa vya mchezo tu. Chama cha Mbeni kilikuwa na fedha zake, na kila mwanachama alitoa fungu lake. Mwenzao alipougua, walimtazama. Mgeni alipofika kwa gari la moshi akiwa hana pa kulala, watu wa chama walimpokea. Mtu alipokufa mbali na mama yake, na hakuna wa ukoo wake wa kumlilia, Jenerali na Luteni wake ndio waliochukua jeneza, ndio waliolipa sanda, ndio waliosimama kaburini. Sisi Wakristu twajua kwamba kuzika wafu na kupokea wageni ni matendo ya huruma. Walioyatenda hawakuwa wote Wakristu, wala hawakuyatenda kwa jina la misioni. Lakini tendo jema halipotezi wema wake kwa sababu limetendwa na mtu mwenye kofia ya Kingi.

MASHAKA YA WAKUBWA

Serikali za wakati ule ziliitazama Mbeni kwa jicho la wasiwasi. Watu weusi wenye majenerali wao, wenye barua zinazotembea toka mji hadi mji, hawakosi kumnyima mtawala usingizi. Katika Katanga wakubwa waliagiza vyama hivyo vichunguzwe. Wamisionari wengi nao, Wakatoliki na Waprotestanti, hawakuipenda. Walisema inawaondoa vijana katika sala, inaleta ulevi, inawachanganya wanaume na wanawake usiku, na kuwatia watu majivuno.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka wa 1935. Mwezi wa Mei wa mwaka huo, wafanyakazi wa migodi ya Mufulira, Nkana na Luanshya, katika Rhodesia ya Kaskazini, waligoma kwa sababu kodi ya watu wa migodini ilikuwa imepandishwa. Huko Luanshya polisi walipiga risasi, na watu 6 wakafa. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na katika uchunguzi huo Mbeni nayo ilitajwa, kwa kuwa wengine waliamini kwamba watu wa ngoma ndio waliopeleka habari toka mgodi mmoja hadi mwingine. Huenda habari zilipita kwao kweli, kwa maana hakuna waliojuana kama wao. Lakini ngoma haikupandisha kodi. Mtu akitaka kujua kwa nini nyumba imeungua, haitoshi kumwuliza aliyepiga mbiu.

Tuseme kweli pande zote mbili. Makosa yaliyosemwa hayakuwa ya kubuniwa yote. Mashindano ya vyama yaliwafanya watu watumie fedha zilizopaswa kuwalisha watoto. Karamu ziliacha madeni. Pombe ilileta mapigano. Padri aliyewaonya watu juu ya mambo hayo alifanya wajibu wake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumwonya mtu juu ya dhambi na kumkataza furaha yake yote bila kuitazama. Waliokataza bila kutazama hawakuona mgonjwa aliyelishwa, wala mgeni aliyepokewa, wala maiti aliyezikwa kwa heshima. Nao vijana waliokatazwa hawakuacha kucheza. Waliacha tu kumwambia padri.

KALELA YA LUANSHYA

Ngoma, kama mtu, huzaa watoto. Katika nchi ya Zambia, upande wa ziwa Bangweulu na baadaye katika migodi, Mbeni ilizaa ngoma iitwayo Kalela. Twaijua vizuri kwa sababu mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliitazama huko Luanshya mwaka wa 1951, akaandika kitabu kidogo juu yake kilichotoka mwaka wa 1956. Kitabu hicho husomwa hata leo na watu wanaochunguza maisha ya miji ya Afrika.

Wachezaji aliowatazama walikuwa vijana wa kabila la Wabisa, wafanyakazi wa kawaida wa mjini. Walivaa suruali za kijivu zilizonyoshwa vizuri, fulana safi na viatu vilivyong'aa. Ngoma zao tatu zilitengenezwa kwa mapipa makubwa ya mafuta, yakawambwa ngozi za ng'ombe. Walikuwa na Kingi wao, na Daktari aliyevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Nesi wao, aliyevaa mavazi meupe. Kazi yake ilikuwa kupita kati ya wachezaji na kioo na kitambaa, ili kila mmoja ajitazame na kupanguswa jasho, abaki nadhifu mpaka mwisho.

Basi watu hawa waliovaa kama watu wa mji waliimba nini? Waliimba nchi yao. Walisifu mito na ziwa la kwao, wazee wao na lugha yao. Kisha waliwageukia makabila mengine waliosimama kuwatazama, wakawatania kwa mila zao, vyakula vyao na tabia zao. Na wale waliotaniwa walicheka! Wala hawakuimba kwa Kibisa kilichofahamiwa na wachache; waliimba kwa Kibemba cha mjini, ili kila mtu asikie.

Hapo ndipo penye hekima. Katika mgodi mmoja walikusanyika watu wa makabila mengi, ambao babu zao pengine walipigana. Wangeishije mlango kwa mlango? Walichukua desturi ya zamani ambayo sote twaijua, yaani utani, wakaitia katika ngoma ya barabarani. Mtani wako hakuumizi. Akikucheka leo, kesho utamcheka, na ukifiwa ndiye atakayekuja kukusaidia. Hivyo ngoma iliwafundisha watu mambo mawili kwa pamoja: usisahau ulikotoka, na mheshimu jirani ambaye ametoka kwingine.

Lakini utani una mpaka wake, na sisi wa Kongo tumelipa gharama ya kuuvuka. Katika miaka ya 1992 na 1993, katika Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao kwa maelfu. Wengi wao walizaliwa hapohapo. Baba zao walichimba shaba bega kwa bega na baba za waliowafukuza. Walikaa siku nyingi katika vituo vya reli wakingojea gari, na watoto wakafa hapo. Mambo hayo hayakuanza kwa panga. Yalianza kwa maneno ya dharau, yaliyorudiwa katika mikutano na vijiweni mpaka masikio yakayazoea. Wimbo ukitania, anayetaniwa huucheka na kuujibu. Wimbo ukitukana, anayetukanwa hunyamaza na kufunga mlango. Mzazi anayesikia mtoto wake akiimba, na aitumie kanuni hiyo: je, yule anayeimbwa angeweza kusimama hapa na kucheka pamoja nasi?

ZINGALI HAI

Tusidhani kwamba mambo haya yamebaki katika vitabu. Katika Malawi, watoto wa Beni wanacheza hata leo: Mganda kwa Wachewa, Malipenga kwa Watonga na Watumbuka wa kando ya ziwa. Hujipanga kama askari, nao hupiga vibuyu vilivyotobolewa ambavyo hutoa sauti kama tarumbeta. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, katika mkoa wa Ruvuma huko Tanzania, Mganda nayo huchezwa. Vita vilivyoizaa vimesahauliwa na wengi, lakini miguu bado inavikumbuka.

Huko Afrika ya Kusini, wafanyakazi wa migodi ya dhahabu walifanya ngoma kwa viatu vyao vya mpira, wakivipiga kwa viganja na kuvigonganisha. Viatu hivyo walipewa kwa ajili ya maji na matope ya chini ya ardhi. Wao wakavigeuza kuwa ala ya muziki. Ona jinsi mtu asivyoshindwa kutoa uzuri hata katika chombo cha taabu yake.

Na huku kwetu? Kongo yajulikana duniani kwa muziki na uchezaji kuliko mambo mengi mengine. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja, katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Ngoma hiyo, ambayo wazazi wengi wa zamani waliiita ya baa na ya walevi, leo ni heshima ya mataifa mawili.

Tukumbuke tena mwaka wa 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona. Vijana wa Angola wa kundi la Fenómenos do Semba walijipiga picha za video uani, sahani za chakula mikononi, wakicheza kwa hatua rahisi wimbo wa Afrika ya Kusini uitwao Jerusalema, wa Master KG na mwimbaji Nomcebo Zikode. Picha hizo zilienea dunia nzima. Waganga na wauguzi waliocheza katika nyua za hospitali, masista na mapadri katika nyua za monasteri, polisi barabarani, wote walifuata hatua za vijana wale wa Luanda. Na wimbo wenyewe ni ombi: mwimbaji anamsihi Mungu amlinde na kumfikisha Yerusalemu. Wakati watu walipokatazwa kushikana mikono, uchezaji wa uani uliwaunganisha.

EKLEZYA NA UCHEZAJI

Labda msomaji atauliza: Mungu mwenyewe apenda michezo hii? Maandiko Matakatifu yanatuonyesha ngoma za namna mbili. Miriamu, dada yake Musa, alishika tari na kucheza pamoja na wanawake wa Israeli walipovuka bahari. Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, tena barabarani, machoni pa watu wote. Na Mikali mkewe aliyemdharau ndiye aliyelaumiwa. Lakini pia twasoma juu ya binti aliyecheza katika karamu ya Herode, na malipo ya uchezaji wake yakawa kichwa cha Yohane Mbatizaji. Miguu ni ileile. Kinachotofautiana ni moyo wa anayecheza, na nia ya wale wanaomchezesha.

Eklezya katika Afrika ilichukua muda kufahamu jambo hili. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka wa 1963, ulifungua mlango ili mila njema za mataifa ziweze kuingia katika liturujia. Huku kwetu Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alifanya kazi hiyo kwa uvumilivu mkubwa pamoja na maaskofu wenzake. Mwaka wa 1988 Roma ilithibitisha Misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo padri na watumishi huingia wakicheza, utukufu wa Mungu huimbwa kwa mwendo wa mwili, na wazee wetu waliotangulia hukumbukwa. Tarehe 1 Desemba 2019, Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa taratibu hiyo katika Basilika ya Mtakatifu Petro huko Roma, pamoja na Wakongo wakaao huko. Na tarehe 1 Februari 2023 alisali pamoja na umati mkubwa katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa.

Tusichanganye mambo. Kucheza katika Misa si maonyesho, ni sala. Hakuna anayecheza ili atazamwe, wala watu hawaendi altareni kushindana. Lakini mtoto aliyefundishwa kwamba mwili wake unaweza kumtukuza Mungu siku ya Dominika asubuhi, huyo amepata kipimo cha kupimia ngoma ya Dominika alasiri.

MASHAURI KWA WAZAZI

Basi turudi nyumbani. Mwana wako acheza barabarani, utafanya nini? Usianze kwa fimbo. Anza kwa miguu yako: nenda ukatazame. Mtoto ambaye baba yake amekuja kumtazama hucheza kwa namna nyingine.

Ukiisha kutazama, jiulize. Nani anawakusanya vijana hawa, na kwa faida ya nani? Mtu mzima anayekusanya fedha ilhali watoto wanarudi nyumbani na njaa, huyo si mlezi. Wimbo wasema nini? Wengine hucheza maneno ambayo hawawezi kuyatamka mbele ya mama zao. Binti zetu wanaheshimiwa, au wanageuzwa kuwa bidhaa ya macho? Nani apiga picha za video, naye azipeleka wapi? Zamani ngoma ilikwisha jioni, na aliyekosea alisahauliwa. Leo picha ya msichana wa miaka kumi na miwili yaweza kumfuata mpaka siku ya ndoa yake. Na mwisho: masomo na kazi za nyumbani zina nafasi yake? Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Basi na iwe na saa ya kuanza na saa ya kwisha.

Majibu yakiwa mabaya, mwondoe mtoto, lakini mwonyeshe kundi lingine. Kijana hawezi kukaa bila kundi. Asipopata lenye kumjenga, atapata lenye kumharibu, na katika miji yetu makundi ya kuharibu hayana uhaba. Parokia zina Xaveri, Skauti na kwaya. Hayo nayo yajua kupanga mistari na kupiga ngoma.

Majibu yakiwa mema, mwongezee. Mweleze kazi ambayo kundi lake linaweza kufanya zaidi ya kucheza. Wale wa Mbeni walikuwa maskini kuliko sisi, nao waliwauguza wagonjwa wao na kuwazika wafu wao. Kundi la vijana kumi linalocheza vizuri laweza kumtembelea mwenzao hospitalini, laweza kumchotea maji mjane wa mtaa, laweza kuchanga fedha za daftari kwa yatima mmoja. Wakifanya hivyo, hakuna atakayewaita watu wasio na kazi.

Na wazee, msikae kando mkilalamika kwamba vijana wamesahau mila. Nani aliyewafundisha? Babu anayejua hatua za ngoma ya ukoo wake, na asimame siku moja uani awaonyeshe wajukuu, hata kama magoti yanalia. Bibi anayejua maana ya nyimbo za mavuno na za arusi, na aifafanue kabla hajaondoka nayo. Vijana wakipata hazina hiyo wataichanganya na mambo yao mapya, kama wale wa Lamu walivyochanganya, kama wale wa Luanshya walivyochanganya; nasi tusiogope mchanganyiko, mradi moyo wake ni safi.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutuzwa. Mchezaji hutuzwa kwao kwa sababu huko yuko mtu anayemjua jina, anayemkosoa kwa upendo, na anayefurahi akifanya vema. Tufanye mitaa yetu iwe kwao kwa kila mtoto anayecheza humo, awe wa kabila letu au wa kabila la jirani, na Mungu aliyetupa miguu atatusaidia kuiongoza.